Betri ya Mtu wa Dukani

Ayiko wa Logiri alikuwa mtu wa baiskeli kabla hajawa mtu wa kitu kingine chochote. Alioa akiwa mtu wa baiskeli, akajenga nyumba akiwa mtu wa baiskeli, na lau si aibu za kijinga za kaka yake, angeugua na kupona akiwa mtu wa baiskeli vilevile. Kazi yake ilikuwa kuchukua jerikeni za mawese pale Vurra mpakani, mafuta yanapoingia kutoka Congo, na kuyafikisha sokoni Arua. Jerikeni nyuma, jerikeni ubavuni, nyingine inaning'inia kwenye usukani, na yeye katikati na miguu yake myembamba. Vilima vya njia ile alivipa majina mwenyewe. Kimoja alikiita Mama Mkwe, kwa sababu hukipandi bila kuinamisha kichwa.

Watu wa mjini walinunua mafuta hayo, wakakaangia samaki, wakala, wakalamba vidole. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza yamefikaje. Mtu mwenye sahani iliyojaa huwa hana maswali.

Sasa huyu Ayiko ana kaka yake, Simon. Simon ana nyumba ya kulala wageni Arua, ana suti ya kahawia, na ana kikohozi cha kuanzia hotuba. Hakuna harusi wala kamati ya kanisa inayopita bila Simon kusimama, kukohoa na kusema machache, na machache ya Simon yanatosha chakula kupoa. Debe tupu haliachi kuvuma. Akiulizwa habari za mdogo wake hujibu, "Yuko kwenye mawese, anauza jumla." Jumla! Mtu anasukuma jerikeni nne jua la saa nane, shati limegandia mgongoni, wewe unaita jumla. Lakini ndivyo alivyozoea kusema, miaka na miaka, mpaka nadhani hata usingizini aliliona hilo duka la mdogo wake, na rafu zake, na mzani wake juu ya meza.

Mke wa Ayiko ni Medina, Mkakwa wa Kuluba kule Koboko, binti wa nyumba ya Kiislamu. Ayiko ni Mkatoliki. Walipooana pande zote mbili zilisema haitadumu, na zilisema kwa matumaini kabisa. Ikadumu. Lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili cha mpakani, maana Ayiko Kikakwa kilimshinda, na Medina Kilugbara alikikataa kwa ubishi tu. Medina ana ulimi. Mwenyewe alimwambia siku ya kwanza: "Mimi iko na ulimi. Ukitaka mwanamke hana ulimi, nunua picha, weka ukutani." Ayiko akacheka, akaoa ulimi na mwenye ulimi.

Basi moyo wa Ayiko ukaanza kumchezea. Kwanza kizunguzungu, halafu akaanguka pale kwenye Mama Mkwe, baiskeli ikamlalia. Mara ya pili alianguka sokoni Arua kwenyewe, jerikeni ikapasuka, na watu wakakimbia kwa haraka ya ajabu. Walikimbilia mafuta. Walichota kwa vikombe, kwa sufuria, mmoja kwa kofia yake, na katikati yao mwanamume mzima amelala macho juu. Ndio watu hao hao waliokuja baadaye kumpa pole na kumshauri apunguze chumvi.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mganga wa kijijini alisema ni wivu wa jirani. Mhubiri mmoja mwenye kipaza sauti alisema ni Medina, ndiyo adhabu ya kuoa nje ya imani, na alisema hivyo akinywa chai ya Medina. Hospitali ya Arua ndiyo iliyosema la maana: umeme wa moyo wake umechoka, moyo unapiga polepole mno, hauwezi tena kujiongezea kasi wenyewe, apelekwe Kampala akawekewe kifaa cha kuupigisha.

Simon ndiye aliyempeleka, na kwa hilo tumpe sifa zake, kwa kuwa hazikubaki nyingi. Daktari wa Kampala alizungumza Kiingereza. Ayiko ana Kilugbara, ana Kiswahili, na ana Kilingala kidogo cha kutukania, Kiingereza hana. Kwa hiyo Simon alikohoa, akazungumza. Daktari akauliza hili na lile, Simon akajibu, daktari akaitikia kwa kichwa na kugeukia mashine zake.

"Ameuliza nini?" Ayiko alinong'ona.

"Ameuliza kazi yako."

"Umesema nini?"

"Nimesema una duka la jumla. Kutwa umekaa kwenye kiti."

Ayiko alimtazama kaka yake, na mdomo ukafunguka, na mdomo ukafungwa. Kwao Logiri mdogo hamsahihishi mkubwa mbele ya wageni. Mkubwa akisema jua ni la kijani, utamsubiri mfike nyumbani ndipo mlijadili jua. Na tuseme ukweli wote, jambo lenyewe lilimpendeza kidogo. Kitanda kina shuka nyeupe, wauguzi wanapita na viatu vyao safi, na yeye amelala pale, mwenye duka. Nani asingependa? Akanyamaza, na daktari akakitega kifaa kumfaa mtu wa kiti.

Hapo lazima nieleze, maana ujinga wote uliofuata umetoka hapo. Kifaa hicho hushonewa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa bega la kushoto, na waya wake huteremka mpaka ndani ya moyo. Watu wa kwetu hukiita betri. Ukiwa umetulia, kinaupigisha moyo polepole. Ukitembea au kufanya kazi, kina kitu ndani yake kinachosikia mtikisiko wa kifua, na kwa mtikisiko huo kinajua kwamba mwenyewe ameamka, kikauharakisha moyo. Kitikisike kiasi gani ndipo kiharakishe, hilo daktari ndiye anayelitega, kwa kufuata maisha ya mtu. Mwenye kutembea sana anategewa chepesi. Mwenye kukaa dukani anategewa kizito, kisije kikamkimbiza moyo bure kila anapogeuka kufukuza nzi.

Ayiko akarudi Logiri. Kizunguzungu kwisha, kuanguka kwisha, uso umerudi rangi. Watu wakaja kumtazama, wakaomba kuona kovu, wakaguna. Na hapo ndipo wenye akili wa Logiri walipotoa hesabu yao. Betri huwasha redio, betri huwasha tochi, betri hulianzisha lori la mizigo; basi mtu aliyetiwa betri ana nguvu kutushinda sote. Mmoja alimletea magunia yake ya mihogo amshushie Arua, mawili zaidi ya kawaida, na alipoambiwa ni mengi akanuna. "Si umewekewa betri?" akasema. Watu wa namna hiyo ndio wanaopiga kura.

Ayiko akapanda baiskeli. Kwenye tambarare alikwenda vizuri. Alipofika Mama Mkwe akainama kama desturi, akakanyaga, na katikati ya kilima miguu ikaisha. Hakuanguka, aliishiwa tu. Mapaja yakawa mazito, pumzi ikawa fupi, macho yakaona vumbi ambalo halikuwepo. Akashuka, akakaa kando ya njia, na baada ya muda akawa mzima kabisa. Akapanda tena, akaishiwa tena. Wenzake wa baiskeli walimpita wakimwimbia, "Mzee wa betri, washa!" Akawachekea, maana mtu utafanya nini.

Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Akikaa, mzima. Akitembea uani, mzima. Akipanda baiskeli na mzigo, amekwisha. Hatimaye Medina akaichukua baiskeli mwenyewe. Akajifunga kanga kiunoni, akasukuma jerikeni kutoka Vurra, na wanaume wakasimama pembeni wakimhesabia jasho. Akirudi jioni anamkuta mume wake ameketi, uso unang'aa, mashavu yamejaa. Ulimi ukaanza kuwasha. Kwanza aliuzuia. Nampa hongera, aliuzuia muda mrefu kuliko mtu yeyote angeweza kutegemea.

Kisha akafariki mzee Ondoga, mjomba wa Ayiko, mtu mkubwa pale kijijini. Matanga yakajaa. Wakwe walikuja kutoka pande zote, na kutoka Kuluba akaja Isa, kaka yake Medina, kwa pikipiki yake, amevaa kanzu safi. Mchana ngoma ya msiba ikapigwa. Kwao mpwa hawezi kukunja mikono mjomba wake anapochezewa. Ukisimama pembeni watu wataanza kuulizana kwa nini, na jibu lao huwa ni uchawi. Ayiko hakuwa na njia. Akaingia, akimwomba Mungu amwangushe polepole.

Hakuanguka. Aliruka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kifua kikafunguka. Pumzi ikaja. Miguu ikaja, miguu yake ya zamani aliyodhani imezikwa Kampala. Akaruka na wanaume wenzake, ardhi inadunda, machozi yanamtoka, na watu wakadhani ni ya Ondoga. Alicheza mpaka jua likapinda. Tangu augue hakuwahi kuwa na furaha kama ile, na aliipata matangani, mtu gani huyo.

Kesho yake Isa alitaka viazi alivyopewa na wafiwa vipelekwe barabarani alikoiacha pikipiki. Gunia moja, baiskeli ya kuazima, mteremko na kilima kidogo. "Shemeji, saidia," akasema. Ayiko akapanda baiskeli kwa imani ya jana. Kwenye kilima kidogo kile akashuka, akaketi, kijivu mdomoni.

Isa alimsimamia kichwani. Isa si mtu mbaya, ila ni mtu wa kuamini macho yake, na macho yake huwa yanaona nusu.

"Shemeji, jana mimi naona wewe. Wewe naruka sana. Leo kiazi kidogo, wewe nakufa?"

"Mimi sijui, shemeji. Mwili nakataa."

"Mwili inakataa kazi. Ngoma haikatai."

Medina alikuwa nyuma yao na baiskeli ya jerikeni. Ulimi ukakatika kamba. Alimwita mvivu. Alimwita mwanamke, kisha akaomba radhi kwa wanawake. Alisema hapo barabarani, watu wote wa matanga wakisikiliza kwa adabu kubwa na masikio yamesimama, kwamba Mungu ampe ugonjwa wa kweli ili ajue ugonjwa ni nini. Kisha akapanda pikipiki ya kaka yake na kwenda Kuluba bila hata kuchukua nguo.

Ayiko alikaa peke yake miezi kadhaa. Majirani waliojaa kumtazama kovu hawakuonekana. Uvivu huwa unaambukiza, eti. Mhubiri wa kipaza sauti alipita akasema aliona mapema. Na neno moja lilikuwa linamkwaruza Ayiko rohoni kila akiiona baiskeli imeegeshwa ukutani: duka. Hakuwa mjinga. Alikumbuka daktari wa Kampala alivyouliza kazi kwanza, ndipo akageukia mashine. Alihisi kwamba hapo pana kitu. Lakini kukisema maana yake ni kusema kaka yake ni mwongo, na kaka mwenyewe ndiye aliyemwokoa. Akalimeza. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mficha aibu ya mwenzake, sijui humuumbua nini.

Mara ikatangazwa redioni kwamba madaktari wa moyo wanakuja Arua, wenye betri waende wakapimwe. Isa aliisikia Koboko. Akatuma neno, na neno lake lilikuwa fupi. Atakuja mwenyewe asikie kwa masikio yake. Daktari akisema shemeji mgonjwa, Isa atamrudisha dada yake na kuomba radhi. Daktari akisema mzima, basi Ayiko asikanyage tena Kuluba, na Medina ataolewa na mtu anayefanya kazi.

Siku ikafika. Ayiko alikuja na shati lake la kanisani. Isa alikuja na kanzu. Simon hakualikwa, ila Simon haalikwi mahali popote, huwa yupo tu. Akaja na suti ya kahawia na kikohozi. Wakaketi kwenye benchi, Ayiko katikati.

Daktari alikuwa mwanamke, jina lake Estelle, mzaliwa wa Aru ng'ambo ya mpaka, upande wa Congo, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani. Simon alianza kukohoa kwa Kiingereza, daktari akamjibu kwa Kiswahili, na kikohozi kikabaki njiani. Akamweka Ayiko kitandani, akamwekea kitu kama sahani ndogo juu ya kifua, akasoma kwenye kioo cha mashine yake.

"Huyu mutu anafanya kazi gani?"

"Mfanyabiashara," akasema Simon. "Ana duka la jumla."

"Sawa, ndivyo walivyomutegea." Daktari aliendelea kusoma. "Betri ni muzuri. Waya ni muzuri. Mutu wa dukani, hapa sioni shida hata kidogo. Ni muzima."

Isa alisimama. Hakupandisha sauti. Alimtazama Ayiko kwa huzuni, ndiyo iliyokuwa mbaya, maana hasira ingevumilika. Akachukua funguo za pikipiki kwenye benchi. "Imekwisha, shemeji," akasema. "Mimi nasikia mwenyewe."

Simon alikuwa anatabasamu. Hapo ndipo ninapomkosea heshima bila kujuta: alikuwa anatabasamu, kwa sababu mdogo wake ametangazwa mwenye duka mbele ya wakwe, na mwenye duka aliyepona ni heshima kwa ukoo. Kwamba mdogo wake anapoteza mke hapo hapo, kwenye benchi hilo hilo, hilo halikufika kwenye suti.

Ayiko alimwangalia Isa akitembea kwenda mlangoni. Kwao mdogo hamuumbui mkubwa mbele ya wakwe. Ni sawa na kumvua nguo sokoni, na aliyemvua naye hatazamwi tena vizuri. Alijua hayo yote. Akajiona ameketi Logiri miaka iliyobaki, mwenye adabu, peke yake.

"Daktari," alisema, "mimi sina duka."

Isa akasimama mlangoni.

"Ayiko," alisema Simon. Jina tu.

"Sijapata kuwa na duka hata siku moja. Mimi ni mtu wa baiskeli. Nabeba mawese kutoka Vurra, napanda nayo vilima. Nikipanda, naisha. Nikikaa, napona. Nikicheza ngoma, moyo unakuja, nacheza kama kijana. Watu wanasema mimi ni mwongo."

Daktari Estelle aliweka chini alichokuwa ameshika. "Nani aliwaambia Kampala ana duka?"

Simon alikuwa ameona kitu cha maana sana nje ya dirisha.

"Basi muda wote huu," daktari akasema, "betri imetegewa mutu hayuko."

Akaomba baiskeli. Mlinzi wa lango akatoa yake. Ayiko akaambiwa azunguke uwanja wa hospitali, pale penye mwinuko, na Isa apande nyuma awe mzigo. Wagonjwa wakatoka kutazama. Ugonjwa hauzuii umbea. Ayiko akazunguka, akazunguka tena, na kwenye mwinuko akashindwa kama kawaida, Isa akamdaka bega asianguke. Wakarudishwa ndani mbio, sahani ikawekwa kifuani.

"Tazama," daktari akamwambia Isa. "Jasho linamutoka, miguu imekufa, na moyo unapiga ule ule wa mutu ameketi. Betri haioni jerikeni. Haioni kilima. Inasikia kifua kikitikisika, basi. Juu ya baiskeli kifua kimetulia, kwa hiyo inadhani bwana yuko dukani. Sasa, ruka."

"Niruke?"

"Ruka kama kwa ngoma."

Ayiko akaruka pale kati ya kitanda na kabati, mtu mzima, shati la kanisani linapepea. Muuguzi akaziba mdomo. Aliporudi kitandani daktari akamgeuzia Isa kioo, na Isa, ambaye macho yake alikuwa anayaamini sana, akaona namba imepanda.

Kisha akaketi karibu na Ayiko, karibu kuliko mwanzo. "Mimi nafanya vibaya, shemeji," akasema.

Daktari akategea upya. Akabonyeza, akamtembeza barazani, akabonyeza tena, mpaka betri ikawa inaamka kwa mtikisiko mdogo. Akamweleza wazi kwamba hatarudi kuwa kijana. Akifika kilimani ashuke, aisukume baiskeli kwa miguu, achape hatua na kutikisa mabega, kwa maana hatua betri inaziona, pedali inaziona kidogo sana. Mzigo apunguze. Na akipanda pikipiki kwenye barabara mbovu asishangae moyo ukikimbia, betri itadhani anacheza.

Simon aliondoka kabla hawajamaliza. Mpaka leo hasemi na mdogo wake. Arua anawaambia watu kwamba Ayiko amelifunga duka kwa sababu za kiafya. Mtu huyo atazikwa na duka lile.

Isa alitaka kwenda kumleta dada yake. Ayiko akasema hapana, nitakwenda mwenyewe. Wakapanda pikipiki. Lami ilikuwa nzuri mpaka Koboko, halafu wakaingia njia ya Kuluba yenye mashimo, na moyo ukaanza kutimka yeye ameketi tu nyuma kama gunia. Alimgonga Isa begani, wakasimama, wakangoja utulie. Mahali pa mwisho njia iliteremka bondeni na pikipiki haipiti. Wakaiacha juu, wakashuka kwa miguu.

Medina alikuwa uani kwa mama yake, anabangua karanga. Hakuinuka. Isa akasimulia yote kwa Kikakwa, na Ayiko hakuelewa ila neno moja, duka, lililokuwa linarudi na kurudi. Mikono ya Medina ikaacha karanga. Ayiko alingoja. Njia nzima alikuwa amemwona mawazoni akilia, akiomba radhi, na yeye akimwambia basi, basi, yameisha.

"Wewe ulijua?" Medina akamuuliza, kwa Kiswahili cha nyumba yao.

"Nilidhani. Sikuwa na hakika."

"Ulidhani. Na mimi nakuita mvivu."

"Uliniita."

"Nakuita mbele ya watu. Naomba Mungu akupe ugonjwa, na ugonjwa unao. Na neno la kunifunga mdomo liko kwako, umelikalia."

"Simon ni mkubwa wangu, Medina."

"Simon alisukuma jerikeni? Simon alilala njaa na mimi?" Sauti yake haikupanda, na Ayiko, aliyezoea kelele zake, aliogopa. "Umenifanya nimtukane mgonjwa. Dhambi hiyo ni yangu sasa, haiwezi kuwa ya Simon. Uliona afadhali mimi niwe mtu mubaya kuliko yeye aone haya."

Ayiko safari hii hakutafuta la kujitetea. Alisema tu kwamba ni kweli.

Medina aliingia ndani. Akakaa huko mpaka Isa akaanza kusogeza miguu. Akatoka na furushi la nguo kichwani, akamuaga mama yake, akashika njia ya kilimani bila kumtazama mtu.

Alitembea kwa hasira. Ayiko alijua anafanya makusudi, anakipanda kilima kama mtu anayefukuza mwizi, ili yeye akae chini katikati kama alivyozoea kukaa. Akamfuata. Katikati ya kilima akaanza kuyasubiri mapaja mazito, na vumbi la machoni. Akatikisa mabega, akachapa hatua. Kifua kikafunguka. Akaendelea kupanda nyuma ya kanga ile, hatua kwa hatua, na umbali kati yao haukuongezeka, na Medina alisikia, akakaza mwendo, na bado haukuongezeka.

Walipofika juu penye pikipiki, Medina ndiye aliyekuwa anahema. Alisimama, mkono kiunoni, akamtazama mume wake usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Alimtazama mdomo kama una kijivu, akamtazama kifua. Akangoja akae chini. Ayiko hakukaa.

"Beba basi," Medina akasema. Akateremsha furushi kichwani, akamwekea begani. Alimwekea bega la kulia, mbali na betri.